Chama chetu cha wanahistoria wa sanaa hakina hela, na kuna mtu anataka tumsainie vyeti vya picha. Tufanyeje?

Katibu_Upanga ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo wenu, wiki ya pili sasa nalala nalo hili na kamati inakaa Jumamosi.

Mimi ni katibu wa chama cha wanahistoria wa sanaa hapa Dar. Chama kidogo tu, tuna walimu wa vyuo, watu wa makumbusho, wanaosimamia maonyesho, waandishi wawili watatu wa mambo ya sanaa na wanafunzi wa masters. Tulianza 2019 tukiwa kumi na wawili, tukaandika katiba, tukasajili, tukafanya semina nzuri kweli mpaka watu wakawa wanasikiliza wamesimama dirishani. Leo kwenye daftari tuko 61. Waliolipa ada mwaka huu ni 14. Ada ni elfu hamsini kwa mwaka na najua humo ndani kuna watu ambao elfu hamsini kwao siyo mzigo kabisa. Kwenye grupu la WhatsApp wapo wote, ukitupia picha ya mlango wa Zanzibar watajadili nakshi mpaka saa sita usiku, huyu anasema wa Kihindi kwa sababu ya ile nusu duara ya juu, yule anasema hapana tazama vizuri, raha kabisa, halafu ukituma namba ya kulipia ada grupu zima linanyamaza siku mbili.

Kwahiyo hela hamna. Ukumbi tunaomba bure, tovuti imefungwa tangu Mei maana hatukulipia, na toleo la kwanza la jarida limekwama kwa mchapaji, makala zimeshahaririwa zote, nimezisoma mara nne, zipo tu kwenye kompyuta. Mwenyekiti ameshatoa hela za mfukoni mwake mara nyingi mpaka naona aibu kumwambia tena.

Sasa ndo limekuja hili. Kuna mfanyabiashara wa picha, ana duka na anauza sana nje, ameomba kujiunga na chama. Hapo hapo ameleta barua anaomba chama kimtolee vyeti kwamba picha tisa alizonazo ni za mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, siyo za wanafunzi wake wala za waliokuja baadaye. Kila cheti atalipa laki tatu. Yaani milioni mbili na laki saba, ni sawa na ada za watu 54 kwa mwaka mzima. Jarida linatoka, tovuti inarudi, na chenji inabaki. Wajumbe wawili wa kamati wanasema tuchukue, picha tuzitazame wenyewe, sisi si ndo wataalamu. Mimi moyo unakataa lakini kila nikijaribu kueleza kwa nini naonekana naogopa tu.

Waliowahi kuendesha vyama vya namna hii naombeni mnisaidie. Huyu bwana tumpokee kama mwanachama au tusimpokee? Vyeti je? Na hii ada watu wanalipaje jamani?

Mwalimu_Nyamagana ameandika:

Binti yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Nimefundisha sanaa miaka mingi, sasa nimestaafu, na nimewahi kuwa mweka hazina wa chama kinachofanana na hicho chenu. Hakipo tena. Sitakitaja jina maana wenzangu wengine bado wapo hai na tunasalimiana.

Hakikufa kwa kukosa hela, kilikufa kwa kuwa nazo. Tulipata mfadhili wa miaka mitatu, akalipa ukumbi, akalipa nauli, akalipa chai na posho, tukaona ada za wanachama ni usumbufu tu tukaacha kuzikusanya. Mfadhili alipoondoka tukajikuta tuna watu waliozoea kulipwa kuja kwenye kikao. Mwaka uliofuata nikaitisha mkutano mkuu wakaja sita, akidi haikutimia, nikaitisha tena wakaja wanne. Daftari la wanachama lilikuwa kwenye kompyuta ya katibu na ile kompyuta ikaibiwa. Mihtasari ya miaka saba ikaenda nayo. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hela.

Kuhusu ada, mimi naamini mtu analipia kitu anachokiona kinafanyika na ambacho peke yake hawezi kukifanya. Semina nzuri lakini mtu anaweza kuja semina bila kuwa mwanachama. Jiulizeni nini hakitafanyika Tanzania hii bila nyinyi. Nikupe mfano mmoja. Mzee Sam Ntiro, mtu wa Machame, amefariki 1993. Mchoro wake wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, wa mwaka 1956, uko New York kwenye makumbusho ya MoMA, huo unapatikana ukitafuta. Lakini michoro yake mingine iliyobaki kwenye nyumba za watu, kwenye maofisi, waliyopewa zawadi ya harusi, nani ana orodha? Wanafunzi wake wanaondoka mmoja mmoja. Nendeni mkakae nao mrekodi. Mkifanya hilo mwaka mmoja tu, mtu atatoa elfu hamsini yake akijua imekwenda wapi.

Vyeti sina utaalamu navyo, waje wanaojua. Ila milioni mbili na laki saba ikiingia kwa mlango mmoja, mwenye mlango huo atarudi.

Rangi_na_Hadibodi ameandika:

Shikamoo Mwalimu. Umenigusa hapo kwenye kompyuta kuibiwa.

Dada Katibu, mimi kazi yangu ni kutunza na kurekodi makusanyo, picha za Tingatinga nimezishika kwa mikono yangu nyingi tu, ngoja niseme la vyeti kwa urefu maana hapa ndipo chama chenu kinaweza kupotea.

Tingatinga alizaliwa Tunduru 1932, akaanza kuchora kwa kuuza karibu 1968, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Piga hesabu, ni miaka minne tu. Alichora kwenye hadibodi za mraba kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, akauza pale Morogoro Stores Oysterbay, na wanunuzi wake wengi walikuwa wazungu waliokuwa wakifanya kazi hapa, kwahiyo picha nyingi ziliondoka nchini kwenye mizigo yao. Sasa mtu mmoja leo ana tisa kwa mpigo hapa hapa Dar? Simwiti mwongo, inawezekana kabisa amezikusanya kwa miaka. Lakini swali la kwanza kumuuliza siyo zinafananaje. Muulize kila moja ameipata kwa nani, lini, na karatasi iko wapi.

Maana kwa macho hamtafika mbali. Wanafunzi wake wa kwanza, kina January Linda na Adeusi, walijifunza kwake hatua kwa hatua, hadibodi ile ile, rangi ile ile, chui yule yule. Baada ya yeye kufa wengine waliendelea kuandika jina lake kwenye kona ya picha na wakati ule hakuna aliyeona ni kosa, lilikuwa jina la kazi kama jina la kiwanda. Ushirika wao wa Tingatinga ulisajiliwa 1990 na kuna wazee pale wanaojua mkono wa nani ni upi kuliko mtu yeyote mwenye digrii, mimi nikiwemo. Kamati yenu imewahi kukaa nao hata siku moja? Kama bado, msiseme sisi ndo wataalamu.

Halafu kuna upande wa kesi. Andy Warhol mnamjua, yule msanii maarufu wa Marekani, taasisi aliyoiacha ina utajiri ambao sisi hatuwezi hata kuuwaza, na ilikuwa na bodi maalum ya kusema picha hii ni yake hii siyo. Mwaka 2007 mtu mmoja aliyekataliwa picha yake akawashtaki. Taasisi ikatumia mamilioni ya dola kwa mawakili, yule mtu akaiacha kesi, na bado ikatangaza 2011 kwamba bodi inafungwa, hela hizo ni bora ziende kwa wasanii. Kamati ya Basquiat, mchoraji mwingine wa Marekani, nayo ikafungwa 2012, ya mwenzake Keith Haring vile vile. Hao ndio wenye mafaili yote, picha zote, mawakili wao. Sasa nyinyi mna 14 waliolipa ada. Mnunuzi wa Denmark akigundua miaka mitano baadaye kwamba picha ni ya 1985, barua ya wakili itakuja kwa nani? Itakuja kwa chama, na saini chini ni ya katibu.

Ushauri wangu, chama kisitoe cheti, kabisa, muandike hivyo kwenye kanuni. Mwanachama mmoja mmoja akitaka kumfanyia mtu utafiti afanye kwa jina lake, aandike alichokiona na asichokiona, na malipo yawe ya muda wake wa kazi yaliyokubaliwa mwanzoni, jibu likiwa ndiyo au hapana hela ni ile ile. Huyu bwana kawawekea laki tatu kwa kila cheti, siyo kwa kila uchunguzi. Mkisema sita siyo zenyewe mtalipwa ngapi? Tazameni hapo.

Katibu_Upanga ameandika:

Hapo kwenye cheti na uchunguzi nimekaa nikasoma tena barua yake, ni kweli kabisa ameandika "kwa kila cheti kitakachotolewa". Sikuwa nimeliona. Asante sana.

Na hapana, hatujawahi kukaa na wazee wa ushirika. Inaniuma kusema hivyo, ni dakika ishirini kutoka tunapofanyia semina.

Jirani_wa_Ngara ameandika:

Hamjambo majirani. Niko Nairobi, nimekuwa kwa kamati ya chama ya watu wa sanaa huku kwa miaka sita kwahiyo nitaongea venye nimeona.

Huyo mtu wa duka msimfukuze. Watu wa kuuza picha wako na karatasi ambazo hakuna profesa ako nazo, risiti za zamani, majina ya wanunuzi, picha kabla ziende ng'ambo. Mkimfungia nje mnapoteza hiyo yote. Shida ni kura. Sisi tuligawanya hivi: mwanachama kamili ni mtu ambaye kazi yake ni utafiti, kufundisha, makumbusho ama kuandika, huyo anapiga kura na anaweza kuchaguliwa. Mwanachama mshiriki ni mtu yeyote anapenda hii maneno, mwenye galari, mnunuzi, msanii, analipa, anakuja, anaongea, lakini hapigi kura na jina ya chama haiendi kwa duka yake wala kwa kadi yake ya biashara. Hiyo sentensi ya mwisho muiandike kwa katiba kabisa msiiache kwa mdomo. Kuna mtu alikuwa ameandika kwa dirisha ya duka yake kwamba ametambuliwa na chama chetu, ilituchukua miezi minne kuitoa, na huyo mtu alikuwa rafiki yetu.

Ya pili ni msajili. Huku kwetu tuko chini ya Societies Act, sura ya 108, na kila mwaka lazima upeleke ripoti na mkibadilisha maofisa mseme. Sisi tulisahau miaka miwili. Siku tumepata msaada ya kuchapisha kitabu, wafadhili wakauliza karatasi ya msajili, karatasi bado iko na jina ya mwenyekiti ambaye alikuwa ameenda Canada. Hiyo pesa ikaenda. Nyinyi huko nadhani mko na sheria yenu ya jumuiya na BASATA, ile baraza la sanaa la taifa, pia, hebu angalieni karatasi zenu kama ziko sawa kabla ya jarida, kabla ya tovuti, kabla ya kitu ingine yoyote.

Na nakubaliana na Mwalimu kuhusu kurekodi. Mchoraji Elimo Njau ni wenu, mtu wa Marangu, na Paa ya Paa, ile galari ya sanaa, aliianzisha hapa kwetu na wenzake 1965. Moto ya 1997 ilichoma vitu hatutawahi kuona tena. Kama kungekuwa na chama enzi hizo inapiga picha kila mchoro na kuweka nakala mahali pengine, leo tungekuwa tunaongea ingine. Mimi hiyo ndiyo kitu hunifanya nilipe ada yangu Januari tarehe moja bila kuambiwa.

mwanafunzi_wa_picha ameandika:

Samahanini wakubwa niseme na mimi. Niko masters mwaka wa pili, niliambiwa nijiunge na chama kimoja cha kitaaluma (siyo hiki cha dada Katibu), ada ya mwanafunzi ikawa sawa na ya profesa. Nikalipa kwa kujinyima. Mwaka mzima nikapata imeili mbili, moja ya kunikaribisha na nyingine ya kunikumbusha ada ya mwaka unaofuata. Sikulipa tena na sijisikii vibaya.

Nilichokuwa nakitaka ni mtu wa kunisomea sura moja ya tasnifu. Mtu mmoja tu. Au kunionyesha namna ya kuomba ruhusa ya kutumia picha ya makumbusho ya nje, maana nimeandika Ujerumani mara tatu sijajibiwa na sijui kama nimekosea kuandika au ndo kawaida yao. Mkifanya hayo mimi nitalipa na darasa zima nitawaletea.

Dada_wa_Leeds ameandika:

Mdogo wangu hapo juu umesema kitu cha maana sana, nitumie ujumbe inbox, kuhusu ruhusa za picha nitakusaidia, nimeandika barua hizo mpaka nimezikariri. Usikate tamaa, wengi hawajibu barua ya kwanza.

Niko Uingereza mwaka wa tisa na ni mwanachama wa chama cha huku, Association for Art History, kilianza 1974 kikiitwa Association of Art Historians. Wana mkutano wa kila mwaka na jarida lao linatoka tangu 1978. Nitawaambia lini nilielewa chama ni cha nini. Oktoba 2016 bodi moja ya mitihani, AQA, ilitangaza inafuta historia ya sanaa kwenye A-level, na ndiyo ilikuwa bodi pekee iliyobaki na hilo somo. Yaani hakuna mtoto wa sekondari angelisoma tena mpaka chuo kikuu. Chama kikasimama, walimu wakasimama, makumbusho, wasanii, barua zikaandikwa magazetini. Kufika Desemba mwaka huo huo Pearson, bodi nyingine ya mitihani, wakasema sisi tutalichukua, na Septemba 2017 wanafunzi wakaanza mtaala mpya. Sisemi chama peke yake ndicho kilichookoa, watu wengi walipiga kelele. Lakini chama kilikuwa na orodha ya walimu, kinajua nani anafundisha wapi, kikaweza kuongea kwa niaba yao kesho yake asubuhi. Orodha ile ilijengwa kwa miaka arobaini ya watu kulipa ada na katibu fulani kukaa chini kuandika majina.

Kwahiyo dada Katibu daftari lako la watu 61 usilione dogo. Lisafishe. Nani yuko wapi, anafanyia kazi nini, anasoma lugha gani, ana picha gani kabatini. Hilo lenyewe ni mali ya chama.

Ada nayo isiwe moja kwa wote. Vyama vingi vya huku na Marekani vinatoza kulingana na hali, mwanafunzi kidogo, mstaafu kidogo, mwenye mshahara mnono zaidi, taasisi zaidi ya wote. Makumbusho au maktaba ikilipa uanachama wa taasisi inapata nakala za jarida na nafasi za wafanyakazi wake kwenye semina. Taasisi tatu tu zinaweza kuwatolea jarida.

Na moja la mwisho, mkutano mkubwa wa watu wa sanaa za Afrika, ule wa ACASA, chama kilianzishwa Marekani 1982, wanakutana kila baada ya miaka mitatu. Mara ya kwanza kabisa kuufanyia Afrika ilikuwa 2017, Legon, Ghana. Nilikuwepo. Waghana walikuwa wengi, Wanaijeria wengi, Wasauzi nao, wana chama chao cha siku nyingi. Watu wa Afrika Mashariki tulikaa meza moja ya chakula na nafasi ikabaki. Sikulala vizuri usiku ule.

Hesabu_Safi ameandika:

Mimi ni mhasibu, mambo ya picha siyajui ila dada yangu ni msanii ndo maana huwa napita huku. Nitasema la ada tu.

Kwenye grupu hakuna anayedaiwa. Ukituma ujumbe kwa watu 61 kila mmoja anaona anaambiwa mwingine. Gawaneni majina, kamati mko saba kila mtu achukue majina saba manane, apige simu, asianze na hela, aulize habari, aulize kazi, halafu aseme ada yako ya mwaka huu bado. Watu wengi watalipa hapo hapo kwa simu. Wanaokataa wataeleza kwa nini, andikeni sababu zao, ni muhimu kuliko hela yenyewe.

Akaunti iwe ya chama, siyo namba ya mweka hazina. Nasema hivi kwa sababu umeandika "namba ya kulipia" na nahisi ni ya mtu binafsi. Kama ni hivyo mimi pia nisingelipa, na simtuhumu mtu. Saini mbili kati ya tatu za kutolea hela. Risiti kwa kila anayelipa siku hiyo hiyo hata kwa WhatsApp. Na kila miezi mitatu tuma ukurasa mmoja, imeingia hivi, imetoka hivi, imebaki hivi, hata kama iliyobaki ni elfu nane. Ule wa elfu nane ndo utume haraka zaidi.

Na hela za mwenyekiti alizotoa mfukoni ziandikwe. Kama ni mkopo uandikwe mkopo, kama ni mchango uandikwe mchango na ashukuriwe kwenye mkutano mkuu. Zisipoandikwa siku mkigombana zitakuwa kubwa mara mbili.

Katibu_Upanga ameandika:

Ni namba ya mweka hazina kweli. Nimempigia sasa hivi, hakukasirika, kasema mwenyewe ilikuwa inamsumbua maana hela za chama zinachanganyika na za nyumbani na mke wake anamuuliza. Jumatatu tunaenda benki.

Mdogo wangu mwanafunzi, maneno yako ya imeili mbili nimeyasoma kwa kamati kama yalivyo. Na sisi mwaka jana hatukutuma hata hizo mbili.

Rangi_na_Hadibodi ameandika:

Dada Katibu nimekumbuka kitu. Huyo bwana mkimkatalia vyeti msimwache aende mikono mitupu. Mwambieni alete picha zote tisa zipigwe picha mbele na nyuma, zipimwe, ziandikwe zimetoka wapi kwa mujibu wake, na wazee wa ushirika waje waseme wanachokiona kirekodiwe. Bila kusema ndiyo wala hapana. Nyuma ya hadibodi kuna mambo mengi, mihuri ya duka, bei kwa penseli, majina. Hiyo ikikaa kwenye kumbukumbu za chama, siku moja mtafiti atakuja kuilinganisha na zingine mia. Kama ana nia njema atakubali.

Katibu_Upanga ameandika (siku kumi na sita baadaye):

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, nilikuwa napiga simu.

Kamati ilikaa kwa muda wa saa tano. Vyeti tumekataa, watano kwa wawili, na tumeandika kipengele kitakachopelekwa mkutano mkuu kwamba chama hakitathibitisha wala kukadiria bei ya kazi yoyote ya sanaa. Mjumbe mmoja kati ya wale wawili amejiuzulu. Ni mtu ninayemheshimu, ndiye aliyeandika katiba yetu ya kwanza, na kwa kweli nimelia. Nimempigia mara mbili hajapokea, nitampigia tena.

Mfanyabiashara tulimpa ofa ya kurekodi picha zake na ya uanachama mshiriki usio na kura. Mwanzo alisema tumempotezea muda. Juzi ameleta picha nne kati ya tisa, hakueleza kuhusu zile tano na sisi hatukuuliza. Wazee wawili wa ushirika walikuja. Mmoja alishika moja akaigeuza nyuma akaitazama muda mrefu, akasema hii hadibodi tulinunua pamoja. Hakusema zaidi. Tumeirekodi sauti yake.

Simu zimefanya kazi kuliko nilivyodhani. Walipiga kamati wote, mimi nikapiga majina tisa. Waliolipa sasa ni 33. Wanne wameomba watolewe kwenye daftari, nikawashukuru. Sababu iliyojirudia zaidi ilikuwa kwamba hawakuwahi kupata risiti, na ya pili hawakujua kama chama bado kipo. Ada ya mwanafunzi tumeshusha iwe elfu kumi na kila mwanafunzi anapewa msomaji mmoja, wazee wa chama wamekubali kusoma. Maktaba moja imelipia uanachama wa taasisi. Kwa msajili ripoti tunadaiwa za miaka miwili, Jirani wa Ngara ulisema kweli, tunazijaza wiki hii. Jarida bado liko kwa mchapaji, tumelipa nusu.

Sasa nina swali lingine. Mmoja wa wanachama wetu wastaafu, baada ya kupigiwa simu, amefungua stoo yake akatoa masanduku mawili ya slaidi, zile za fremu ndogo za karatasi, picha za maonyesho ya Dar kuanzia miaka ya sabini, Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii, ilipokuwa mpya kabisa na nyingine hatujazitambua. Kuna unyevu umeanza kuingia pembeni. Mwenye skana ya slaidi Dar hii anayeweza kutuazima, au anayejua ilipo, naomba sana. Tunaogopa kuzisafisha wenyewe.

Rangi_na_Hadibodi ameandika:

Msizisafishe, msizipanguse hata kwa kitambaa. Zitoeni kwenye sanduku muzitandaze kwenye karatasi nyeupe chumba chenye hewa, mbali na dirisha, na mziandike namba kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa zimepangwa kabla ya kuzichanganya. Skana ninayo. Niko Tabata, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwepo, njooni na yeye mwenyewe mzee kama anaweza kusafiri, atuambie nani ni nani.

Mwalimu_Nyamagana ameandika:

Nitapanda basi Ijumaa. Nyumba ya Sanaa ya miaka hiyo naijua, nilikuwa naingia humo kila wiki, naweza kuzitambua sura nyingi.